Mlango Unaofunguka kwa Nje

Irja Lahtinen aliling'oa komeo la mlango wa bafu asubuhi, kabla hajanywa kahawa, akalitia katika mfuko wa aproni pamoja na skrubu zake. Jana yake alikuwa ameupiga mlango huo kwa bega mpaka mbao zikaachia, kwa kuwa binti yake alikuwa ndani na alikuwa haitiki. Alimkuta Raili ameketi sakafuni, kichwa kimeegemea ukingo wa beseni, midomo imepauka kama ya mtu aliyetolewa ziwani mwezi wa Aprili. Alimzaba kofi, akammwagia maji, akamwita kwa jina la ubatizo, na kwa bahati tu macho yakafunguka. Bega lilikuwa lingali likimuuma alipokuwa akizungusha bisibisi.

Raili alipotoka chumbani mwake, mama yake alikuwa akimngoja ukumbini.

"Katika nyumba hii," alimwambia, "hakuna tena mlango wa kufungwa."

Raili alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwembamba kwa namna ambayo nguo zote zilimkaa kama za kuazima. Aliyatazama matundu manne yaliyoachwa na skrubu. Hakubisha wala hakulia.

"Basi hakuna tena bafu," alisema, akaenda kuvaa koti.

Irja aliyachukulia maneno hayo kuwa ni ufidhuli, na ufidhuli alijua kuuvumilia. Hakujua kwamba binti yake alikuwa amesema kweli tupu. Tangu asubuhi hiyo Raili hakuoga nyumbani, wala hakuingia bafuni hata kwa haja ndogo. Alikwenda kujisaidia katika kituo cha mafuta kilichokuwa kwenye kona, chenye choo cha kufungwa kwa ufunguo, na huko ndiko alikoanza kujidungia unga wake wa kulevya. Hatimaye mwenye kituo akapiga simu. Alimwambia Irja, kwa adabu ya mtu aliyechoka, kwamba binti yake amejifungia na wateja wanangoja.

Irja alikwenda, amevaa kofia yake ya kanisani kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Wanaume wenye vikombe vya kahawa mkononi walimpisha njia. Alipokuwa akiuambia mlango wa choo kwa sauti ya chini kwamba ni yeye, mmoja wao alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kutosha kusikika: "Mateja wa siku hizi wana hadi wasindikizaji." Wenzake wakacheka puani. Raili alitoka, mzima, ameinamisha macho, na mama na binti wakarejea nyumbani mmoja akiwa mbele ya mwenziwe, kama watu wasiojuana ambao njia yao imetokea kuwa moja.

Ndipo Irja alipopata wazo ambalo kwake lilikuwa sadaka kubwa.

Kwa watu wa Irja, sauna, kile kijumba cha kuogea mvuke, haina komeo wala kitasa, na mlango wake daima hufunguka kwa nje. Aliyezidiwa na mvuke akiuangukia tu, umekwisha kufunguka. Hakuna anayeweza kunaswa humo. Bibi yake aliyevuka bahari kutoka Ufini aliijenga sauna ya kwanza kwa kanuni hiyo kabla hajajenga nyumba, na hiyo iliyokuwa uani kwa Irja ilijengwa vivyo hivyo. Hapakuwa na mahali salama zaidi kwa mtu anayeweza kuzimia.

Kwa muda wa siku kadhaa alishindana na nafsi yake. Alikuwa amefundisha watoto katekisimu miaka mingi. Hata hivyo, baridi ilikuwa imekaza, na kila ving'ora vilipopita barabarani aliacha alichokuwa akikifanya. Mwishowe aliwasha kuni chache, za kutosha kuondoa baridi tu, akatandika taulo safi juu ya benchi, akaweka jagi la maji, na kando ya mlango, ndani ya kijumba cha kubadilishia nguo, akaweka kiti chake mwenyewe.

"Kama ni lazima uyafanye hayo," alimwambia Raili, huku akivitazama vyombo alivyokuwa akiviosha, "yafanyie kule. Sitakusema. Nitakaa nje ya mlango."

Alitarajia, ingawa asingekiri, neno dogo la shukrani.

Raili alitoka hadi kwenye ngazi za nyuma. Moshi wa kuni za mbetula ulikuwa ukipanda wima juu ya paa la sauna. Alisimama akiunusa, ameshika ukingo wa ngazi.

"Nani mwingine anakuja?" aliuliza.

"Hakuna. Leo si Jumamosi ya wageni. Nimekuwashia wewe."

Raili aliinama akatapika juu ya theluji. Kisha akaondoka kwa kupitia uchochoro wa nyuma, bila kofia, bila kugeuka, na Irja aliyekuwa na sabuni mikononi hakuweza hata kumwita, kwa kuwa hakuelewa ni kitu gani alichokuwa amekifanya. Alikwenda kuketi kwenye kile kiti mpaka kuni zikafa.

*

Nyumba ya hifadhi ya wanawake, ambako Raili alikuwa akienda mara kwa mara, ilikuwa ng'ambo ya reli, ghorofa moja ya matofali isiyo na kibao. Hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuvuka mlango wake wa pili. Ndani palinukia chai na soksi zilizolowana. Wanawake wawili walikuwa wamelala juu ya makochi mchana huo mweupe, na hakuna aliyewaamsha.

Mwanamke mwenye nywele za mvi zilizosukwa msuko mmoja mnene alimkaribisha Irja kwa kumvutia kiti. Jina lake lilikuwa Noreen Skead. Watu wake, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikuwepo kando ya ziwa la mji huo kabla ya reli na kabla ya mababu wa Irja, na naye alizungumza na kila mtu kama mwenyeji anavyozungumza na mgeni aliyechelewa.

Irja aliuliza kama binti yake yupo.

"Sikwambii yupo, sikwambii hayupo," alisema Noreen. "Hiyo ndiyo amri yetu. Ila naona umekuja na kofia mbili, mama, na kichwa unacho kimoja. Nipe hiyo ya pili."

Aliichukua kofia ya sufu, akatokomea katika ukumbi wa nyuma. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu. Irja alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu jana.

Kisha alieleza mambo yote: mlango aliouvunja, komeo, kituo cha mafuta. Alieleza habari ya sauna pia, na hapo sauti yake ilijaa fahari kidogo, kwani hakuwa amemsikia mama mwingine yeyote wa usharika wao aliyethubutu kutenda hivyo. Noreen alisikiliza akikoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Umetenda kwa upendo," alisema baadaye, "na umemtoa mbio. Vyote viwili ni kweli. Nenda katazame milango ya vyoo vyetu."

Ilikuwa na vikomeo vyepesi kwa ndani. Kwa nje kila kimoja kilikuwa na mfuo mwembamba wa kuingiza sarafu, ili kiweze kufunguliwa. Nayo milango yote ilifunguka kwa nje. Noreen alimweleza kwamba wengi wa wanawake waliokuja pale hawakuanza kwa kuutafuta unga. Walianza kwa kutafuta komeo. Wapo wasioweza kukojoa bila komeo. Ukimwondolea mtu kama huyo komeo, hujamwondolea unga, umemwondolea nyumba.

"Kwa nini?" aliuliza Irja. "Nani alimfanya nini?"

"Sijui."

"Anakuja hapa mwaka mzima, nawe hujamuuliza?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema Noreen. "Na si lazima uwajue kunguni majina ndipo ubadilishe shuka."

Irja alisema yeye si mtu baki, ni mama, na mama ana haki ya kujua. Alisema pia, kwa ukali aliousomea shuleni na kuutumia maisha yake yote, kwamba mahali pale panamfundisha mtoto wake kuishi na uovu badala ya kuuacha. Mmoja wa wanawake waliolala aligeuka upande wa pili. Noreen hakukasirika.

"Aliyekufa haachi unga, mama. Kuacha ni kazi ya walio hai. Ngoja nikuoneshe jinsi ya kumbakiza hai, halafu hayo mengine mtayazungumza mkizeeka."

Alimfundisha kuipuliza puani ile dawa ya kumzindua aliyezidiwa, kumlaza mtu chali, kuinua kidevu, kumpulizia pumzi kinywani. Irja alijifunza kwa mwanasesere wa mpira aliyekuwa amechorwa nyusi na mtu mwenye mzaha. Alijifunza vizuri, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri tangu zamani.

Alikuwa angali amepiga magoti alipoiona kofia ya sufu mlangoni pa ukumbi, na Raili chini yake. Irja alikuwa amejiapiza kimoyomoyo kwamba hatauliza. Aliuliza.

"Ni nani?"

Raili aliishusha kofia hadi kwenye nyusi.

"Ukiliuliza tena hilo, mama, mimi nyumbani sirudi. Wala si kwamba nakukomoa. Nikilitaja lile jina, litakuja kukaa nasi mezani. Litakula nasi kila siku. Sitaki."

"Ni mtu ninayemjua?"

Raili alitelemka taratibu, mgongo ukiuparuza ukuta, akaketi chini. Irja alimtazama Noreen, na Noreen alikuwa akimvua mwanasesere barakoa ya kupulizia pumzi kana kwamba hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani. Hakukuwa na msaada wowote wa kutoka upande huo. Swali lilimkaa Irja kooni kama mwiba wa samaki. Akalimeza hivyo hivyo, likimchana.

"Unataka mlango uwe vipi?" aliuliza badala yake.

Raili aliipandisha kofia kutoka kwenye nyusi.

"Uwe na komeo. Kwa ndani."

"Na ukizidiwa?"

"Utaniita, nitaitikia."

"Na usipoitikia?"

"Basi uingie." Raili alifikiri. "Lakini useme kwanza kwamba ni wewe. Useme uko na nani."

*

Irja alizigeuza bawaba za mlango wa bafu kwa mikono yake. Hakuita fundi, kwani fundi angekuwa mwanamume. Akaranda ukingo, akatia kikomeo cha mfuo kama alivyokiona ng'ambo ya reli, na jioni mlango ukafunguka kwa nje kama wa sauna, ukafungika kwa ndani kama wa mtu mwenye nyumba yake.

Ile dawa ya kuzindua aliifuata duka la dawa. Kijana wa kaunta, aliyekuwa na nia njema na sauti kubwa, alimweleza tena matumizi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nyuma ya Irja katika foleni alikuwa Helmi Ranta, aliyekuwa akipiga kinanda kanisani.

"Ya nani hiyo, Irja?" aliuliza Helmi.

"Yangu."

Helmi alimshika kiwiko kwa huruma iliyokusudiwa kuonekana. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alisema, na watu wawili wa foleni wakatikisa vichwa.

Neno hilo lilimfuata Irja njia nzima. Alikuwa amelisema yeye mwenyewe, kwa wengine, mara zisizohesabika. Sasa alijua kwamba kuna uchungu wa mwana ambao mzazi hakuujua kabisa, na kwamba ulikuwa umepita uani kwake, mchana, huku akiwa jikoni anakata mkate wa iliki wa wageni.

Maana wageni walikuwa wengi. Kila Jumamosi, kwa miaka yote Raili aliyokulia pale, nusu ya usharika walikuja kuoga sauna kwa Lahtinen, wanawake zamu yao na wanaume zamu yao, na watoto wakichanganyika na yeyote. Alikuja Veikko, ndugu wa mumewe. Alikuja Tauno jirani, na samaki wake wa kukaushwa. Walikuja waimbaji wa kwaya na wachungaji waliohama. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Irja alisimama na birika katika ukumbi wa kanisa akiwamiminia kahawa wazee wale wale, akagundua kwamba yeye hatazami nyuso zao. Alikuwa akitazama mikono. Mikono ilikuwa safi, yenye madoa ya uzee, ikipokea vikombe na kusema asante. Yeyote kati yao. Au asiwe yeyote.

Nyumbani, ukutani, marehemu mumewe alikuwa akitabasamu ndani ya fremu, amebeba kuni. Irja alisimama mbele yake na koti mwilini. Kwa muda wa miaka tisa alikuwa akimtakia usiku mwema. Kuigeuza picha ile peke yake ingekuwa hukumu, na kuiacha peke yake ingekuwa hukumu nyingine. Basi alizishusha picha zote: arusi, ubatizo, kwaya, pikiniki za ziwani. Akazifunga ndani ya shuka, akazipandisha darini.

Raili, aliyekwisha kurejea nyumbani, alizitazama kuta tupu wakati wa chakula. Siku hiyo aliimaliza supu, akaomba tena.

Veikko alipopiga simu kuulizia Jumamosi, Irja alimwambia sauna imefungwa.

"Imeharibika? Nije niitazame."

"Haijaharibika. Imefungwa."

"Mpaka lini, shemeji?"

"Imefungwa, Veikko."

Alisikia pumzi ya mzee yule kwenye simu, na katika pumzi ile alijaribu kusoma hatia au unyonge, asiweze kusoma chochote ila uzee. Habari zilienea. Wakasema Irja amekuwa bahili wa kuni. Wakasema teja wake amemgeuza moyo. Baadaye hawakusema kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Simu ikanyamaza. Jumamosi zikawa siku kama siku nyingine, isipokuwa ndefu.

*

Kiti alikihamishia ukumbini, mbele ya mlango wa bafu. Raili aliingia na mkoba wake mdogo, kikomeo kikalia, na Irja akafuma soksi. Kila baada ya mistari michache aliita, "Raili?" na kutoka ndani ikaja, "Nipo."

Mwanzoni hapakuwa na maneno zaidi ya hayo. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa na hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake, wakaanza kuzungumza. Walizungumza habari za mbwa wa Tauno, bei ya siagi, mwalimu mmoja aliyekuwa na meno ya bandia yaliyomponyoka darasani. Irja hakukumbuka kama walipata kuzungumza hivyo tangu mtoto yule ajue kusema.

"Hiyo soksi ni ya nani, mama?" Raili aliuliza siku moja, sauti imelegea.

"Soksi tu. Kwa nini?"

"Nasikia sindano zako tangu mchana. Mguu wa binadamu ungeshakwisha. Au unamfumia tembo?"

Irja alicheka peke yake ukumbini mpaka akafuta miwani.

Hakuwa amejidanganya. Unga ulikuwa pale pale, mkobani, na binti yake hakuwa akinenepa. Alichopata ni neno moja tu, nipo, likitolewa kidogo kidogo. Alikwisha kujifunza kuishi kwalo.

Jumapili moja mchana, theluji ikianguka bila upepo, aliita na hakujibiwa.

Aliita tena. Aliziweka sindano za kufumia sakafuni. Moyo ulimwambia aparamie mlango kwa bega kama siku ile. Mikono ikafanya ilivyofundishwa. Aligonga.

"Raili. Ni mama. Niko peke yangu. Naingia."

Sarafu iliteleza mara moja, kisha ikashika mfuo. Mlango ulifunguka kwa nje. Miguu ya Raili ilikuwa imenyooka hadi kizingitini. Mlango wa zamani ungeigonga na kukwama. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu. Irja alipiga simu ya dharura, akaiacha kwenye sakafu ya ukumbi ikiwa wazi, akataja mtaa na nyumba, akasema mlango wa mbele haujafungwa. Alipuliza dawa puani. Aliinua kidevu cha mwanawe, akambana pua, akampa pumzi yake, akaona kifua kikiinuka, akampa nyingine. Mwanamke wa kwenye simu alikuwa akimsemesha, naye alijibu kila alipopata nafasi. Alipuliza dawa ya pili. Aliendelea kupumua kwa ajili ya wawili, huku magoti yakimwaka juu ya vigae, na hapakuwa na mtu yeyote ulimwenguni ila wao.

Raili alivuta hewa kama mtu anayepasua kitambaa. Akakohoa, akageuka upande, akaanza kutetemeka mwili mzima.

"Umenifanya nini?" alisema kwa hasira.

"Nimekupulizia dawa. Ulikuwa hupumui."

Macho ya Raili yalizunguka, yakaukuta ukumbi, mwanga wa ukumbi, nafasi iliyokuwa wazi nyuma ya mgongo wa mama yake.

"Mlango," alisema. "Mama. Mlango."

Irja alisimama kwa kushika beseni.

"Nitaufunga. Nikae nje au ndani?"

Meno ya Raili yalikuwa yakigongana. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Ndani," alisema.

Irja aliuvuta mlango, akasukuma kikomeo, akaketi sakafuni na kukilaza kile kichwa pajani. Aliikumbuka simu, aliyokuwa ameiacha ukumbini; ilikuwa ingali ikizungumza huko nje kwa sauti ndogo. Kisha ving'ora vikaja, vikakatika karibu. Mabuti yakapanda ngazi. Sauti za wanaume zikajaa nyumbani mwake, moja, mbili, pengine zaidi, na kucha za Raili zikazama katika kifundo cha mkono wake.

Mlango uligongwa.

"Kuna mtu humo? Mama?"

"Tupo," alisema Irja.

"Yukoje? Tufungulie."

"Anapumua. Nitafungua." Mkono wake ulikuwa umekwisha kukifikia kikomeo, lakini hakukigusa. "Semeni kwanza ni akina nani, na mko wangapi."

Mmoja wao, kwa sauti ya chini zaidi, akaanza kutaja jina lake.